Chumvi ya Kibiro na Gharama ya Kuni

Askari hutembea kwa miguu, lakini nguvu za kutembea hutoka jikoni, na jiko lisilo na chumvi si jiko. Watawala wa Bunyoro-Kitara, katika nchi jirani ya Uganda, walilijua jambo hilo tangu kale. Kibiro, kijiji kilicho chini ya genge kando ya Ziwa Albert, kilikuwa mojawapo ya nguzo za utajiri wa dola yao. Omukama Kabalega alipotekwa na Waingereza mwaka 1899, dola hiyo ilikwisha nguvu. Lakini moto wa chumvi wa Kibiro haukuzimika.

Wenye kazi hiyo ni wanawake. Mtaalamu wa mambo ya kale, Graham Connah, alipochimba hapo mwaka 1989 na 1990, alikuta mabaki yanayoonyesha kwamba kazi imeendelea kwa miaka isiyopungua 700. Ardhi ya Kibiro ni kame, haina mavuno ya kutosha. Chumvi ndiyo iliyobadilishwa kwa chakula.

Njia yao yastahili kuangaliwa kwa makini. Udongo mkavu hutandazwa juu ya ardhi iliyolowa maji ya chumvi yatokayo kwenye chemchemi za moto. Jua likiwaka, udongo hunyonya maji hayo, nayo hukauka na kuacha chumvi. Kisha udongo hukwanguliwa, hutiwa katika chombo chenye matundu chini na kuchujwa kwa maji. Maji yaliyochujwa ndiyo yachemshwayo kwa kuni, na udongo hurudishwa shambani kutumika tena.

Hapo ndipo penye siri. Maji yenye sehemu 5 za chumvi katika 100 hudai kilo 19 za maji zikaushwe motoni ili ipatikane kilo 1 ya chumvi. Yakiwa na sehemu 20 katika 100, ni kilo 4 tu zinazokaushwa. Kwa hiyo akiba kubwa ya kuni hupatikana kabla kiberiti hakijawashwa: jua hupewa kazi yote liwezayo, moto ukaachiwa ile iliyobaki.

Iliyobaki nayo haina budi kufanywa kwa busara. Katika meko ya wazi, sehemu kubwa ya joto huchukuliwa na upepo. Jiko lililozungushiwa ukuta wa udongo, lenye njia ya hewa chini ya kuni, hulizuia joto hilo lisipotee. Karai pana lenye kina kifupi hukausha upesi. Karai la pili, likiwekwa kwenye njia ya moshi, hupasha maji yanayongoja zamu. Kuni mbichi nazo ni hasara, kwa maana moto huanza kwa kukausha kuni kabla ya kukausha maji.

Mlinzi wa usalama anayo sababu ya kuyajua haya. Msitu ukiisha, ugomvi wa kuni na ardhi huishia mlangoni pa kituo cha polisi. Doria yaweza kumkamata mkataji mmoja leo, lakini haiwezi kumpa mama wa watoto njia nyingine ya kupata chakula kesho. Jiko bora laweza. Sheria ilinde msitu, na maarifa yapunguze haja ya kuukata. Kimoja bila kingine ni kuteka maji kwa pakacha.