Uzoeshaji wa Sokwe: Neno na Dhamana Yake

Sokwe wa mwituni akimwona mtu hutoroka. Mtafiti anayetaka kujua wanakula nini na nani anamlea nani hana budi kuwafuata kuanzia alfajiri, kabla hawajashuka kwenye viota vyao mitini. Hufanya hivyo mwezi hadi mwezi, pengine kwa miaka, mpaka siku sokwe atakapoinua macho, amtazame, kisha aendelee kumenya tunda lake. Kazi hiyo Waingereza huiita “habituation”. Kwa Kiswahili naiita uzoeshaji.

Neno kufuga halifai hapa, maana mfugo humtegemea mtu kwa chakula na ulinzi. Kuzoeza kunatupeleka kwenye mazoezi: mbwa huzoezwa kutii, ilhali sokwe hafundishwi lolote. Kuzoeana ndiko kubaya zaidi, kwani mtafiti hatakiwi kuwa rafiki wala jirani wa sokwe. Kuzoesha kunaeleza hali ilivyo: mtu ndiye mtenda, mnyama ndiye mtendwa, na dhamana ni ya mtenda.

Dhamana hiyo ilieleweka polepole. Mtafiti Jane Goodall, aliyefika Gombe, katika Tanzania ya leo, mwaka 1960, alikuja kuwavuta sokwe kwa ndizi. Mtafiti mwenzake Toshisada Nishida, aliyeanza kazi Mahale, pia Tanzania, mwaka 1965, alitumia miwa. Kwa chakula sokwe walisogea upesi, lakini tabia iliyokuwa ikichunguzwa nayo ikabadilika: Gombe walirundikana penye ndizi na kugombana na nyani. Mahale watafiti waliacha kuwalisha mwaka 1987.

Tatizo la maradhi lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa sokwe huambukizwa mengi ya kwetu. Mwaka 1966 polio iliwapooza na kuwaua baadhi ya sokwe wa Gombe. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliwaua wengine Mahale. Ndiyo maana mgeni wa Mahale huvaa barakoa, husimama umbali wa mita 10 kutoka kwa sokwe na hukaa nao saa moja tu.

Kwa hiyo nawaomba watafsiri na waandishi wa vitabu vya shule washike uzoeshaji, na ripoti ziseme wazi “kundi lililozoeshwa” au “kundi lisilozoeshwa”. Tofauti hiyo ina uzito: sokwe aliyekwisha kuzoeshwa hamkimbii mwenye daftari, na huenda asimkimbie mwenye bunduki. Mradi usio na uwezo wa kulilinda kundi kwa miaka yote ijayo usianze kulizoesha.