Vidame: Mlinzi wa Mali ya Askofu

Katika Ufaransa ya enzi za kati, askofu alikuwa mchungaji wa waumini na vilevile mwinyi wa mashamba, misitu na watu walioishi humo. Ila sheria ya Kanisa ilimkataza kumwaga damu. Kwa hiyo alimhitaji mtu wa upanga, naye ndiye aliyeitwa vidame.

Tangu zama za Charlemagne makanisa yaliagizwa kuwa na wasimamizi wa aina hiyo. Vidame alitunza mali, alimsemea askofu mbele ya mahakama za watawala, na vita vilipozuka aliongoza wapiganaji wake. Mwanzoni aliteuliwa na askofu. Kufikia karne ya 12 wadhifa ulikuwa umekwisha kuwa urithi wa ukoo, baba akimwachia mwana, nao mavidame wakajiita kwa majina ya miji ya maaskofu: Amiens, Chartres, Laon, Reims, Le Mans. Askofu alibaki na heshima, ukoo ukabaki na ngome.

Wengi wao walikuwa askari kwelikweli. Mabwana wa Picquigny, kando ya mto Somme, ndio waliokuwa mavidame wa Amiens. Mmoja wa warithi wao, Baudouin d'Ailly, aliuawa katika mapigano ya Agincourt mwaka 1415. François de Vendôme, vidame wa Chartres, alikuwa miongoni mwa waliolinda mji wa Metz mwaka 1552 ulipozingirwa na Kaisari Charles V. Mwaka 1560 alifungwa katika gereza la Bastille kwa kushukiwa njama, akafa mwaka huohuo.

Cheo kikamwangukia binamu yake, Jean de Ferrières, na hapo kikulacho kikawa nguoni. Huyu alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1562 alikwenda Uingereza kumwomba Malkia Elizabeth I msaada wa vita dhidi ya upande wa Wakatoliki, na bandari ya Le Havre ikatiwa mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1572 aliponyoka mauaji ya Waprotestanti mjini Paris, yaitwayo mauaji ya Mtakatifu Bartholomayo, lakini mwaka 1586 alifia baharini akiwa mateka.

Karne iliyofuata cheo kilikuwa pambo tu. Baba yake mwandishi Saint-Simon alinunua milki ya La Ferté-Vidame pamoja na cheo chake mwaka 1635, na Saint-Simon, aliyezaliwa mwaka 1675, alikulia katika jina la vidame wa Chartres. Kwa jina hilo alipigana Namur mwaka 1692, akiwa askari wa mfalme, si wa askofu. Mwaka uliofuata baba alifariki, naye akawa duke.

Juni 1790 Mapinduzi ya Ufaransa yalifuta vyeo vyote vya kikabaila. Kwa vidame sheria hiyo ilizika jina tu. Kazi yenyewe ilikufa siku ulinzi wa mali ya Kanisa ulipogeuzwa mali ya mlinzi.