Kinga ya kifamilia dhidi ya ulevi na tabia hatarishi kwa vijana: Kamere, Naivasha

Kinga ya kifamilia ni njia ya kuwaepusha vijana na pombe, dawa za kulevya na ngono za mapema kwa kuanza na mzazi au mlezi badala ya kijana peke yake. Hoja yake ni kwamba mtoto mwenye mtu wa kumuuliza alikokuwa, kumwekea mipaka isiyobadilika kila siku na kuzungumza naye bila matusi huchelewa kuonja vileo, au haonji kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa kinga, uliotolewa 2013 na UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, na kurekebishwa 2018 pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO), unayaweka mafunzo ya malezi miongoni mwa hatua zenye ushahidi. Mihadhara ya kuwatisha vijana, ambayo shule nyingi bado zinaipenda, haimo katika orodha hiyo.

Kamere ni kitongoji cha kusini mwa Ziwa Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, kando ya barabara ya Moi South Lake. Kilikua kwa uvuvi na zaidi kwa vibarua wa mashamba ya maua, wengi wao wahamiaji kutoka Nyanza, Magharibi, Kisii na Kati. Familia huishi kwenye ploti za kukodi, mara nyingi chumba kimoja kikiwa jikoni, sebule na mahali pa kulala. Mama anayefanya kazi kwenye maua hutoka alfajiri, na maagizo ya Valentine yanapokaribia saa za kazi huongezwa. Mtoto akitoka shule hukuta kufuli mlangoni. Watoto wengine hupelekwa ushago, yaani kijijini, kwa nyanya, wakirudi wakiwa wamebalehe, mama na mwana hawajuani vizuri.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 ilitungwa kwa juhudi za John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha, na hadi leo watu huiita sheria ya Mututho. Ilikataza kuuzia pombe mtu wa chini ya miaka 18, ikazuia baa karibu na shule na kuruhusu baa zifunguliwe siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni tu. Baa inaweza kupimwa kwa mita na saa. Mama pima, muuza pombe ya kienyeji, hapimwi hivyo: huuza chang'aa chumbani kwake, mteja wake anaweza kuwa jirani wa ploti, na mtoto wake hufanya kazi za shule hapohapo. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta asilimia 12.2 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia pombe.

Mfano unaolingana zaidi na hali hii ya familia za wahamiaji hauko Afrika. Familias Unidas, mpango wa Chuo Kikuu cha Miami, uliundwa kwa wahamiaji wa Kilatino nchini Marekani. Watoto wao hushika lugha na desturi mpya upesi kuliko wazazi, na mamlaka ya nyumbani hulegea. Wazazi hukutana kwa makundi, wakijifunza kufuatilia shule na marafiki wa mtoto, kisha mwezeshaji hukutana na kila familia. Mtoto wa Kamere anayezungumza Sheng na mzazi anayewaza kwa Kijaluo au Kiluhya wako katika pengo la namna hiyo hiyo, japo hawajavuka mpaka wowote wa nchi.

Kenya ina mpango wake wa aina hii, Families Matter!, uliobuniwa upya kutoka Marekani na kuanza kujaribiwa Nyanza katikati ya miaka ya 2000. Unawalenga wazazi wa watoto wa miaka 9 hadi 12, hasa kuhusu mazungumzo ya ngono. Tathmini ilionyesha mazungumzo hayo yaliongezeka, wazazi na watoto wakikubaliana hivyo. Kwa ulevi, ushahidi wa karibu zaidi ni wa Eastern Cape, Afrika Kusini, ambako mpango wa malezi wa vikao 14 ulitolewa kwa familia za vijana wa miaka 10 hadi 18. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kupungua kwa vipigo na kwa matumizi ya vileo, ya vijana na ya walezi pia. Hilo la walezi ni zito: marufuku ya baba anayerudi amelewa haina uzito. Tanzania iliupokea mpango huohuo kwa jina la Furaha Teens.

Kwa Kamere kikwazo kikubwa ni kalenda. Vikao vya Januari hugongana na Valentine, na vya Aprili na Siku ya Mama. Maua hupungua kuanzia Juni, wazazi wakapata nafasi. Lakini shule zikifungwa Agosti, watoto wengi hupanda basi kwenda ushago. Mpango wa wiki saba hutoshea katika upenyo huo, wa wiki 14, kama ule wa Eastern Cape, hautoshei.