Upanga wa jitu na dadu zake: miaka 50 ya kutafuta kipimo cha haki

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka Marekani mwaka 1974, jambia na upanga wa mikono miwili viliumiza sawasawa. Mchezaji aliyempata adui alirusha dadu moja ya nyuso sita, na namba iliyotokea ikakatwa kwenye alama za uhai za adui huyo. Aliyeshika silaha awe mfupi wa kimo au mtu wa miraba minne, dadu ilikuwa ile ile. Viumbe wachache tu, yakiwemo majitu, walipewa zaidi.

Usawa huo ulirithiwa kutoka michezo ya vita ya vikaragosi. Gary Gygax, aliyeandika mchezo huo pamoja na Dave Arneson, alikuwa ameshirikiana na Jeff Perren mwaka 1971 kutunga Chainmail, kanuni za vita vya zama za kati. Humo askari wa kawaida akipigwa anakufa, basi. Hapakuwa na haja ya kuuliza ameumia kiasi gani. Swali hilo lilizuka pale kila mchezaji alipokuwa na mhusika wake mmoja, mwenye jina na alama za uhai zinazopungua kidogo kidogo.

Vifaa vya kulijibu vilikuwepo. Mbali na dadu ya kawaida, mchezo ulitumia dadu za nyuso 4, 8, 12 na 20, ambazo zamani zile ziliuzwa Marekani kama vifaa vya kufundishia hesabu shuleni. Mwaka 1975 Gygax na Rob Kuntz walitoa nyongeza iliyoitwa Greyhawk, na ndani yake kila silaha ikapata kiwango chake cha madhara. Lakini jedwali lao lilikuwa na safu mbili: moja ya adui mwenye ukubwa wa mtu, nyingine ya adui anayemzidi mtu.

Kanuni za mwaka 1978, zilizotolewa katika kitabu cha Players Handbook, ziliendeleza mtindo huo. Upanga mrefu ulimtoa binadamu alama 1 hadi 8, na jitu 1 hadi 12. Upanga wa mikono miwili ulitoka 1 hadi 10 ukafika 3 hadi 18. Jambia, kinyume chake, lilishuka: 1 hadi 4 kwa mtu, 1 hadi 3 kwa kiumbe mkubwa. Kwa robo karne, hadi toleo la pili la mwaka 1989 na baada yake, ukubwa uliohesabiwa kwenye jedwali la silaha ulikuwa wa anayepigwa.

Mwaka 2000 hesabu ikageuzwa. Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams waliandika toleo la tatu chini ya kampuni ya Wizards of the Coast, wakaifuta safu ya pili. Viumbe wote walipangwa katika ngazi tisa za ukubwa, na sasa kilichotazamwa ni mkono unaoshika silaha. Marekebisho ya mwaka 2003 yaliikamilisha kazi hiyo: kila silaha ilitengenezwa kwa kimo cha mwenyewe, na aliyeshika isiyomfaa alipunguziwa 2 katika dadu ya shabaha, ile inayoamua kama pigo litampata adui, kwa kila ngazi ya tofauti.

Tuufuate upanga mrefu mmoja ukipanda ngazi. Mikononi mwa mtu mfupi unarusha dadu ya nyuso 6. Kwa binadamu, dadu ya nyuso 8. Kwa zimwi, dadu mbili za nyuso 6; kwa jitu la ngazi inayofuata, tatu; kisha nne; na kwenye kilele, sita. Wastani unatoka 3.5, kwenda 4.5, 7, 10.5, 14, hadi 21. Binadamu ana nafasi moja kati ya nane ya kutoa 1, pigo la kukwaruza tu. Zimwi haliwezi kutoa chini ya 2, na hiyo 2 yenyewe hutokea mara moja kati ya 36. Kiumbe wa kileleni, hata bahati ikimkataa kabisa, anatoa 6. Dadu zikiongezeka, matokeo husongamana katikati, na pigo la mkubwa linakuwa na uhakika ambao mdogo hana.

Hata hivyo, fizikia haikupewa kiti. Katika kanuni hizo kila ngazi iliongeza kimo takriban mara mbili na uzito wa mwili takriban mara nane, kama maumbile yanavyotaka. Lakini silaha ya zimwi iliongezeka uzito mara mbili tu, na wastani wa madhara haukufika hata mara mbili. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Madhara yangefuata uzito, mashujaa wangekufa kwa pigo la kwanza na mchezo ungekwisha kabla haujaanza.

Aliyeumia ni mchezaji wa mhusika mfupi, aliyepokonywa dadu yake kubwa kwa sababu ya kimo tu. Toleo la nne la mwaka 2008 lilimrudishia: upanga wake uliumiza sawa na wa binadamu. Toleo la tano la mwaka 2014 lilibaki na zuio moja, kwamba mfupi akitumia silaha nzito anarusha dadu ya shabaha mara mbili na kuchukua namba ya chini. Kwa majitu, jedwali refu liligeuka kuzidisha kwa kichwa: mara mbili, tatu au nne kulingana na ngazi. Ndiyo maana jitu la moto la toleo hilo lilirusha dadu sita za nyuso 6, mara tatu ya upanga mkubwa wa binadamu. Mwaka 2024 hata zuio la silaha nzito liliachana na kimo, likatazama nguvu za mwili au, kwa pinde, wepesi.

Naiona safari hii kuwa ya haki zaidi kuliko ya hesabu. Jitu lazima litishe, vinginevyo ushindi dhidi yake hauna thamani. Lakini jitu ni la mwendesha mchezo, anayewachezesha maadui, nalo litatoweka usiku ule ule. Mhusika mfupi ni wa mtu aliyekaa mezani, atakayemcheza miezi na miaka. Kanuni zilizoutambua mpaka huo ndizo bora, kwa kuwa zinaacha ukubwa uwe hatari ya kukabiliwa bila kuufanya udogo kuwa adhabu.