Mashine Ndogo ya Milingi: Aina, Sehemu, Usimikaji na Uendeshaji Salama

Ufafanuzi

Mashine ya milingi ni mashine ya kuchonga metali na plastiki ngumu kwa kikataji chenye meno kinachozunguka, huku kipande kinachochongwa kikisogezwa kuelekea meno hayo. Kwa sifa hiyo inatofautiana na mashine tatu zilizo jirani nayo. Katika kerezo, kinachozunguka ni kipande, na kisu ndicho kinachosogezwa. Ndiyo maana kerezo hutoa maumbo ya mviringo, na milingi hutoa nyuso bapa, mifereji na ngazi. Katika keekee ya kusimama, biti huzunguka kama kikataji lakini hushuka tu, kwa kuwa beringi zake hazikuundwa kubeba msukumo wa ubavuni. Katika shepa, kisu kimoja huenda na kurudi kwa mstari ulionyooka bila kuzunguka.

Milingi ndogo ni ile inayofungwa juu ya benchi la kazi, hutumia umeme wa fezi moja, na kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 50 hadi 150. Milingi kubwa ya karakana, ya muundo ulioletwa sokoni na kampuni ya Bridgeport ya Connecticut, Marekani, mwaka 1938, hukaribia tani moja. Uwezo wa kuchonga una pande mbili: nguvu, yaani kiasi cha kazi ambacho mota inaweza kufanya, na uthabiti, yaani kiasi ambacho mwili wa mashine unastahimili msukumo bila kupinda wala kutetema. Katika milingi ndogo uthabiti huisha kabla ya nguvu, na kanuni nyingi zinazofuata hapa zinatokana na upungufu huo.

Aina

Milingi ndogo hugawanywa kwa vigezo vinne.

Kwa nguzo, ziko zenye nguzo ya duara na zenye nguzo ya reli za mkia wa njiwa. Kichwa kilicho juu ya nguzo ya duara kikilegezwa ili kipandishwe au kishushwe, huweza pia kuzunguka nguzo, na mahali palipokwisha kupimwa hupotea. Kichwa kinachopita kwenye reli hakizunguki, hivyo hubaki kwenye mstari wake. Baadhi ya nguzo za reli zinaweza kulazwa upande kwa ajili ya kuchonga pembe. Faida hiyo hulipiwa kwa uthabiti, kwa sababu nguzo nzima hushikiliwa na bolti moja kubwa au chache tu.

Kwa upitishaji wa mwendo, ziko za mkanda, za gia, na zile ambazo kasi yake hubadilishwa kwa saketi ya kielektroniki. Mkanda huteleza kikataji kinapokwama, na hivyo huiokoa mota. Gia za plastiki, zilizo za kawaida katika mashine za bei nafuu, huvunjika meno badala ya kuteleza.

Kwa tundu la spindeli, ziko zenye mchongoko wa Morse, hasa namba 2 na namba 3, na zenye mchongoko wa R8. Mchongoko wa Morse hupungua kipenyo kwa takriban milimita 1 katika kila milimita 20 za urefu, hivyo hujikaza wenyewe na kuhitaji kugongwa ili utoke. R8 ina mteremko mkali zaidi na huachia kwa urahisi.

Kwa uongozaji, ziko za mkono na zinazoongozwa na kompyuta. Makala haya yanahusu za mkono.

Sehemu

Sehemu zisizosogea ni kitako na nguzo. Sehemu zinazosogea ni tandiko, linalokwenda mbele na nyuma; meza, inayokwenda kushoto na kulia; na kichwa, kinachopanda na kushuka. Miendo hiyo mitatu huitwa Y, X na Z kwa mpangilio huo. Ndani ya kichwa mna mota na spindeli, na ndani ya spindeli hupita bolti ndefu ya kuvutia, ambayo hukaza kishikio cha kikataji kutoka juu.

Kati ya nyuso zinazoteleza huwapo gibu, ubapa mwembamba wa chuma unaosukumwa na skrubu za pembeni ili kuondoa nafasi iliyozidi. Kila mwendo una pia kifungo cha kuuzuia usisogee.

Meza na tandiko husukumwa na parafujo zenye magurudumu ya mkono yaliyotiwa alama. Parafujo yenye hatua ya milimita 2 na gurudumu lenye alama 100 husogeza meza milimita 0.02 kwa kila alama. Baina ya parafujo na nati yake huwapo mchezo, yaani sehemu ya mzunguko wa gurudumu ambayo haisogezi kitu mwelekeo unapogeuzwa. Kwa sababu hiyo vipimo vyote huchukuliwa gurudumu likizungushwa upande mmoja. Likipitiliza alama, hurudishwa nyuma zaidi ya mchezo, kisha huletwa tena.

Vikataji na vishikio

Kwa nyenzo, vikataji ni vya haispidi au vya kabidi. Haispidi ni chuma cha aloi kisichopoteza makali upesi kikipata joto. Huvumilia mtetemo, na ndiyo inayofaa zaidi mashine ndogo. Kabidi ni ngumu zaidi lakini ni dhaifu kwa mishtuko. Kwa idadi ya meno, vyenye meno mawili hufaa alumini, kwa kuwa mifereji yake mipana hutoa mabanzi mengi, na vyenye manne hufaa chuma.

Vishikio vya kikataji ni koleti na kishikio cha skrubu ya ubavuni. Koleti za mfululizo wa ER hubana kikataji kwa kukizunguka pande zote. Kila koleti ya ER32 huchukua tofauti ya kipenyo ya milimita 1 hivi. Chaki ya keekee si kishikio cha milingi: taya zake hushika mahali patatu tu, na msukumo wa ubavuni huweza kuing'oa kwenye mchongoko wake ikiwa inazunguka.

Vishikio vya kipande ni jiliwa, lililo la matumizi mengi kuliko yote, na klempu zinazofungwa kwa bolti kwenye mifereji ya T ya meza. Bolti ya klempu huwekwa karibu na kipande kuliko tegemeo la nyuma, ili sehemu kubwa ya mkazo iende kwenye kipande.

Usimikaji

Mashine mpya hufika ikiwa imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Grisi hiyo hufutwa kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha nyuso zilizo wazi hupakwa mafuta mepesi papo hapo. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Tanga, ambako hewa ina unyevu na chumvi, chuma cha kusubu kilichoachwa kikavu hushika kutu upesi.

Benchi huwa la mbao nene au fremu ya chuma iliyochomelewa, na kitako hufungwa kwa bolti zinazopenya. Iwapo benchi halikunyooka, shimu, yaani kibati chembamba cha kujazia nafasi, huwekwa chini ya kona ya kitako iliyoinuka kabla ya kukaza, kwa sababu bolti zikikazwa juu ya nafasi tupu hukipinda kitako.

Umeme huhitaji soketi yenye waya wa ardhi, na volti iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine ilinganishwe na ya mahali: Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, ilhali mashine zilizoundwa kwa soko la Marekani ni za volti 110 hadi 120. Swichi inayofaa ni ile inayojizima umeme unapokatika na kubaki imezima unaporudi.

Gibu hurekebishwa hadi mwendo uwe mzito kidogo mkononi bila kukwama. Hufuata kunyoosha kichwa. Geji ya daili hufungwa kwenye spindeli na kuzungushwa kwa mkono juu ya meza katika duara la kipenyo cha milimita 200. Vipimo vya mbele, nyuma, kushoto na kulia hulinganishwa, na kasoro hurekebishwa kwa kulaza nguzo au kuweka shimu chini yake. Tofauti ya milimita 0.02 katika duara hilo humaanisha kwamba kikataji cha upana wa milimita 50 kitaacha mteremko wa milimita 0.005, kiasi kinachokubalika kwa kazi nyingi. Mwisho, taya isiyosogea ya jiliwa hulinganishwa na mwendo wa X kwa geji ileile.

Uendeshaji

Kasi ya mzunguko hupatikana kwa kuzidisha kasi ya ukataji, kwa mita kwa dakika, mara 1,000, kisha kugawanya kwa 3.14 na kwa kipenyo cha kikataji kwa milimita. Kwa haispidi, makadirio ya kuanzia ni mita 25 kwa chuma laini, 20 kwa chuma cha kusubu na 75 kwa alumini. Kikataji cha milimita 10 kwenye chuma laini huhitaji basi mizunguko 800 hivi kwa dakika. Cha milimita 6 kwenye alumini huhitaji karibu 4,000, kasi isiyofikiwa na mashine nyingi za aina hii. Hapo hutumika kasi ya juu iliyopo, na usogezaji hupunguzwa kwa uwiano huohuo.

Mwelekeo wa ukataji ni wa namna mbili. Katika ukataji kinyume, meno hukabiliana na mwendo wa kipande, na kila jino huanza na banzi jembamba. Katika ukataji sambamba, meno hukivuta kipande kuelekea kule kinakokwenda. Uso unaoachwa na ukataji sambamba huwa laini zaidi, lakini meza yenye mchezo huruka ghafla kwa kiasi cha mchezo huo, na jino huweza kuvunjika. Kwa hiyo kazi nzito hufanywa kinyume, na sambamba hubakizwa kwa pito jepesi la mwisho.

Kina huwa kidogo: kwenye chuma laini, sehemu za milimita hadi milimita moja kwa pito. Mwendo usiotumika hufungwa. Mlio wa kutetema hutibiwa kwa kupunguza kasi au kina, kufupisha sehemu ya kikataji iliyochomoza, na kukagua gibu.

Hatari na kinga

Hatari za milingi ni tano. Ya kwanza ni kunaswa: glavu, mikono mirefu ya kanzu au koti la kazi, pete, mkufu na nywele zisizofungwa havikaribii spindeli inayozunguka. Ya pili ni kurushiwa vitu, ambayo kinga zake ni miwani inayofunika ubavuni na ngao ya kikataji. Ya tatu ni kukatwa: mabanzi huondolewa kwa brashi, mashine ikiwa imesimama, na vipimo havichukuliwi kabla spindeli haijatulia. Ya nne ni ya umeme, na plagi huchomolewa kabla ya kufungua kichwa. Ya tano ni moto na vumbi: magnesi huungua kwa ukali na haizimwi kwa maji, na vumbi la chuma cha kusubu hudhuru mapafu. Kwa kinga ya hatari ya pili pia, spana ya bolti ya kuvutia hutolewa kila inapokwisha kutumika, kwa kuwa ikisahaulika juu ya spindeli hurushwa mota inapowashwa.

Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, humpa mwajiri wajibu wa kuziwekea kinga sehemu hatari za mashine.

Matengenezo

Matengenezo ni ya kila siku, ambayo ni kuondoa mabanzi, kufuta na kupaka mafuta; ya kila wiki, ambayo ni kulainisha parafujo na reli; na ya baada ya tukio, ambayo ni kunyoosha kichwa upya kila mashine inapohamishwa au kikataji kinapokwama kwa kishindo.

Matumizi

Milingi ndogo hutumika kusawazisha nyuso, kuchonga mfereji wa pini inayofunga puli kwenye shafti, kutoboa matundu yaliyopangwa kwa vipimo, na, ikiongezewa kigawanyio cha duara, kuchonga meno ya gia ndogo. Haifai chuma kilichokazwa kwa moto, wala vipande virefu kuliko mwendo wa meza. Silinda hedi ya gari, kwa mfano, huizidi meza ya aina nyingi za mashine hizi, na kuisawazisha hubaki kazi ya milingi kubwa.