Oysterbay: Upepo Uliopimwa Viwanja

Mkazi wa Dar es Salaam akitaka kukueleza Oysterbay ni mahali pa namna gani, atakwambia tu ni ushuani, na maelezo yamekwisha. Wazee wake walisema Uzunguni. Kati ya maneno hayo mawili imepita mikataba, sheria, uhuru na Azimio, lakini mimi ninayesomea shahada ya uzamili ya historia nikiipita mitaa ile, kinachonishangaza ni jinsi mpango wake wa mwanzo ulivyodumu. Wenyeji wamebadilika mara mbili au tatu. Ukubwa wa viwanja, kivuli cha miti na ukimya wa mchana havikubadilika kwa kasi hiyo.

Kabla ya kuwa anwani, rasi ile ilikuwa ya wavuvi. Msasani ni kijiji cha kale cha pwani, na makaburi yake ya mawe ya matumbawe yanashuhudia kwamba watu walizaliana na kuzikana pale zamani sana kabla ya afisa yeyote kupima ardhi. Chaza walikuwa chakula. Waliokuja baadaye wakaigeuza ghuba yao kuwa jina la mtaa, tena kwa Kiingereza.

Waingereza walipouteka mji mnamo Septemba 1916, walikuta Wajerumani wameshaanza kuupanga kwa aina za majengo. Wakaliendeleza wazo hilo. Katika miaka ya 1920 mji uligawanywa katika kanda tatu: ya kwanza kwa nyumba za makazi za "aina ya Kizungu", ya pili kwa biashara na makazi pamoja, ambako Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu kwa nyumba za "kienyeji", yaani Kariakoo na baadaye Ilala. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, utenganishe Uhindini na Kariakoo.

Angalia maneno ya kanuni zile. Hazikusema Mwafrika asiishi hapa. Zilisema nyumba iweje. Serikali ilikuwa na sababu ya kuchunga ulimi wake, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na Wahindi walikuwa na vyama na wanasheria wa kulalamika. Kwa hiyo ubaguzi ukaandikwa kwa lugha ya fundi ujenzi. Ukitaja ukuta na paa ambavyo mshahara wa kibarua hauwezi kuvigharamia, huna haja ya kutaja ngozi.

Oysterbay ndiyo zao lililokomaa la kanda ya kwanza. Kuanzia miaka ya 1930, na hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, maofisa wa Kizungu walisogezwa kaskazini, ng'ambo ya mkondo wa Msimbazi, kupitia daraja lililopewa jina la Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika. Madaktari wa kikoloni walikuwa wamefundisha kwamba usalama dhidi ya malaria ni kukaa mbali na nyumba za wenyeji, na pia upepo wa bahari ulikuwa bure kwa atakayepewa nafasi ya kuupokea. Basi nafasi ikatolewa kwa ukarimu: barabara zilizopinda, viwanja vipana, nyumba zilizorudi nyuma kabisa ya bustani. Na uani, mbali kidogo na jiko, vyumba vya watumishi.

Katika chumba kimojawapo aliishi mdogo wake babu yangu, aliyekuwa mpishi. Nilimkuta akiwa mzee sana. Nilipomuuliza Oysterbay ya enzi zile ilikuwaje, nilitegemea anisimulie ukubwa wa nyumba. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kule usiku ulikuwa unasikia bahari. Kwetu Magomeni unasikia majirani." Hakusema kipi alikipenda zaidi. Lakini jibu lake lilinifundisha jambo ambalo kanuni za ujenzi hazilisemi: kilichogawanywa hakikuwa ardhi peke yake. Uligawanywa pia utulivu, na yeye aliupata kwa sharti la kuamka kabla ya mwenye nyumba.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 serikali ilirithi nyumba zile. Ikazijaza maofisa wake, na nyumba ikawa sehemu ya cheo. Hapa ndipo historia inapokuwa na utata unaostahili kusemwa bila jazba. Upande mmoja, Uzunguni haikuvunjwa, ilihamiwa. Upande wa pili, hadhi yake sasa ilikuwa na mpaka. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na sheria ya 1971 ikataifisha majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuyakalia, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ofisa wa Oysterbay aliishi kifahari, lakini alijua kwamba akiondoka kazini atarudisha ufunguo. Bustani haikuwa yake, ilikuwa ya umma.

Mpaka huo ulilegea polepole. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti ya uongozi. Kuanzia 2002, serikali ikaanza kuwauzia watumishi wake nyumba walizokuwa wakiishi, na za Oysterbay zikiwemo. Waliotetea walisema mtumishi aliyeitumikia nchi maisha yake yote asistaafu bila paa, na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Waliopinga waliuliza mtumishi wa kesho ataishi wapi, na kwa nini kiwanja chenye thamani kubwa namna ile kitoke mikononi mwa umma mara moja tu, kisirudi tena. Mjadala haujazimika. Lakini ukipita leo utaona maghorofa yameota penye miembe, na kuta zimepanda, hasa tangu tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, na kuua watu 11.

Kilichobaki cha wote ni ufukwe wa Coco. Jumapili jioni watu wa Mbagala, Manzese na Gongo la Mboto hushuka pale kula mihogo ya kukaanga na mishikaki, na upepo ule ule wa kanda ya kwanza unawapiga bila kuuliza anwani. Tangu 2022 Daraja la Tanzanite limeuunganisha ufukwe huo na katikati ya mji. Ndiyo maana kila inaposemwa kwamba Coco itapata mwekezaji, mji mzima hushtuka.

Kwenye ofisi za ardhi siku hizi hakuna kanda ya kwanza wala ya tatu. Kuna viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Ni maneno ya kitaalamu, yasiyomtaja mtu yeyote. Ningependa wanaojifunza upangaji miji wasome kanuni za miaka ya 1920 sambamba na fomu hizo, kisha waulize swali moja tu: katika ujazo mdogo, ni nani aliyepunguzwa?