Matundu ya Misumari

Ndugu msomaji, kama unatafuta humu historia ya masultani na majemadari, nisamehe. Hii ni historia ya mabati manane yaliyoota kutu, na nayajua vizuri kwa sababu nusura niyauze.

Mimi naishi Kibaha, pale Maili Moja. Nina mswada wa riwaya, kurasa mia mbili za mkono, na mchapaji anadai hela ambayo sina. Mwaka jana mjomba wangu wa Kisarawe, kule ndani kuelekea Maneromango, aliniita nikamsaidie kujenga kibanda cha shambani cha kuwekea majembe na magunia ya korosho. Nikayakuta mabati yamelazwa chini ya mwembe. Kichwani nikapiga hesabu ya chuma chakavu haraka haraka.

"Mjomba, haya tuyauze," nikamwambia. "Kibanda tukiezeke makuti. Minazi si ipo?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mpwa, shika nyundo."

Kibanda kilikuwa cha mteremko mmoja: nguzo za mbele ndefu, za nyuma fupi. Kupaua kulituchukua asubuhi moja tu. Kazi ilikuwa kuezeka. Unaanza chini, unapanda, ili bati la juu lilalie la chini. Ubavuni, bati limlalie mwenzake mgongo mmoja na nusu. Msumari unagonga juu ya mgongo, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Chini ya kichwa cha msumari tuliweka kipande cha mpira tulichokata kwenye ndala kuukuu. Nami nikapewa kopo la lami nizibe matundu ya zamani kabla bati halijapanda juu.

Matundu yalikuwa mengi, bwana. Nilipoziba bati la tatu ndo nikaona kwamba yamepangika. Kulikuwa na safu za aina tatu.

Safu ya kwanza ilinyooka kama mstari wa daftari, matundu yote juu ya mgongo. Hiyo ilikuwa nyumba ya babu, aliyoijenga kwa hela ya korosho miaka ya sitini. Kabla ya hapo Mzaramo wa kawaida alilala chini ya makuti au nyasi, juu ya miti na udongo. Tangu 1897, Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba, paa lile la makuti lilishakuwa kitu cha kuhesabiwa na serikali. Bati lenyewe ni mgeni: Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa gati za London, alisajili ugunduzi wa bati la migongo mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili njia ya kulipaka chuma zinki lisile kutu upesi. Hadi lifike kwa babu, mtu aliyeezeka bati alikuwa mtu wa kusalimiwa mara mbili.

Safu ya pili ilikwenda upogo. Matundu mengine yako bondeni kabisa. Nikacheka, nikauliza ni fundi gani mlevi aliyefanya kazi ile.

"Mimi," Mjomba akajibu. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Ilikuwa 1974. Novemba ya 1973 Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashamba wawe wanaishi vijijini. Kufikia 1977 zilitajwa hesabu za watu milioni 13 vijijini. Shuleni sie tulisoma Operesheni Vijiji kama swali la mtihani: faida tano, hasara tano. Hakuna aliyetuambia kuhusu misumari. Babu aling'oa bati moja moja, akanyoosha misumari juu ya jiwe, wakabeba kichwani mpaka kiwanja walichopimiwa. Mvua ilikuwa karibu, fundi hakuna, kila mtu anaezeka kwake. Mtoto akapandishwa juu kwa kuwa mwepesi.

Bati lilibebeka. Mikorosho ilibaki. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani kama 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia, lakini mti usiopaliliwa kwa kuwa mwenyewe yuko mbali hauzai sana.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliwalaumu watu kwa kulewa bati na saruji, huo udongo wa Kizungu, wakati vigae na matofali ya kuchoma yangewafaa. Nampenda Mwalimu, na juu ya joto la bati saa nane mchana namuunga mkono. Lakini paa la vigae utalibebaje kichwani ukiambiwa hama? Nadhani watu wa Kisarawe walikuwa na sababu yao, na haikuwa ulimbukeni.

Safu ya tatu ni ya 1987, enzi za Mzee Ruksa, babu aliporudi kwenye mikorosho yake. Imenyooka, ila misumari ni ya saizi mbili. Ilikuwa adimu, waliokota yoyote.

Nikagonga safu ya nne. Sikuwahi kuogopa ukurasa mtupu kama nilivyoogopa kupinda msumari ule mbele ya Mjomba. Sikutaja tena chuma chakavu.

Usiku ule mvua ilinyesha. Tukaingia kibandani na kibatari, tukasikiliza. Tone moja likaanguka pembeni, karibu na magunia. Mjomba akainua mwanga, akatafuta.

"Hilo ni langu," akasema. "La bondeni."

Nikasogeza gunia, nikakinga kopo.